Kizibo cha Tisa

LUKU iliisha saa tatu kasoro,
zimwi likiwa limebakiza uhai kumi na mbili.
Feni ikazunguka kwa mazoea, ikasita, ikafa.
Tumpale akasimamisha simu ndani ya glasi, tochi juu,
akaendelea kana kwamba giza ni sehemu ya hadithi yake:
"Maji ya Msimbazi yamefika shingoni mwa daraja."

Mimi ndiye mwenye daftari.
Mchana nakaa kibandani, wakala, Mabibo,
natoa pesa, naweka pesa, naandika kamisheni;
Ijumaa usiku nawahesabia wenzangu mapigo.
Ngozi ya zimwi ni kumi na tano. Mkono wa Chande unaongeza tano.
Basi dadu ya pande ishirini ikilala kwenye kumi au zaidi, amepata:
pande kumi na moja, hamsini na tano katika mia.
Hesabu ya darasa la pili,
ila Chande hajawahi kutoa kitu bila kulalamika.

Anapenda shoka.
Shoka ni kizibo cha moja hadi cha kumi na mbili, ongeza tatu.
Vizibo, maana dadu yenyewe ilidondokea nyuma ya friji
na friji si ya kwetu.
Tukaokota vya soda, tukaviandika namba kwa makapeni,
tukavitia kwenye soksi ya Mwajabu. Safi, anaapa.
Wastani wake sita na nusu.
Sita na nusu haimo soksini, pekua hadi alfajiri.
Ni kama ile siku yangu ya kawaida,
elfu kumi na mbili na mia nne,
niliyoipata kwa kugawa mwezi kwa thelathini:
sijawahi kufunga kibanda nikiwa nayo mkononi.
Mgeni asiyefika, na kila jioni namtengea sahani.

Sita na nusu na tatu, tisa na nusu;
ipunguze kwa bahati ya kupata, inabaki tano na kidogo.
Visu viwili, kila kimoja dadu ya pande nne, ongeza tatu:
vyote pamoja, sita na vumbi.
Haba na haba, nikamwambia.
Na kukosa vyote viwili ni mara mbili tu kati ya kumi.
Miezi mitatu namsomea hivyo.
"Shoka lina kishindo," anajibu. Hoja yake imeishia hapo.

Usiku ule nikafungua ukurasa mpya, nimmalize.
"Raundi moja," akasema Tumpale, "halafu daraja linakwenda."
Moja.
Kalamu ikasita kama feni.
Uhai kumi na mbili, nafasi moja:
visu sharti vipate vyote,
na dadu zote mbili zijumlike sita au zaidi.
Kumi na moja katika mia.
Shoka lipate, kizibo kiwe tisa kwenda juu.
Kumi na nane.
Nikarudia, jasho likidondokea kwenye safu ya jumla.
Kumi na nane.
Miezi mitatu nilikuwa nimejibu sawasawa
swali la watu wenye muda.

"Chukua shoka," nikasema.
Mwajabu akacheka mpaka karanga zikampalia.

Dadu ikaviringika, ikagonga glasi, kivuli chake
kikapanda ukutani kikubwa kuliko zimwi: kumi na tatu. Imepata.
Chande akaingiza mkono soksini.

Sasa, kizibo cha tisa kimepinda ukingo.
Kilifunguliwa kwa meno,
na meno yalikuwa ya Chande.
Vidole vikakawia mle ndani. Vizibo vikasuguana.
Nina safu ya kupata, safu ya kukosa,
safu ya wastani na ya masalio;
vidole sikuvitengea safu.

"Toa basi," akasema Tumpale.
Chini, mtu aligonga jenereta mara mbili, likakataa.
Na mimi, mwenye daftari,
nikatazama pembeni.